Vyangu Mbali na Vyako

Jecha alipiga hodi tatu, akasimama nje. Mume wangu wa ndoa ya miaka kumi na moja alikuwa anangoja kukaribishwa kwenye nyumba ambayo zamani akiingia huku anauliza jikoni kuna nini. Nilikuwa chumbani, mbele ya kioo, naufunga ushungi. Nikaufungua, nikaufunga tena. Mtu huyu analijua hata kovu dogo lililo nyuma ya sikio langu, pale nilipoungua na mafuta nikiwa mtoto, na leo nilikuwa namfichia nywele. Sheria ni sheria, sikatai. Ila mikono yangu ilikuwa haielewi.

"Karibu, mwanangu," nilimsikia mama mkubwa akisema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pita, lakini jihadhari na hilo sinia, kuna asumini zangu."

Mama mkubwa, Bi Mwanakheir, ndiye aliyenilea, na ndiye niliyemrudia hapa Mkunazini siku niliyopewa talaka. Siku hiyo hakuniuliza kitu. Alinitandikia kitanda, akaniletea uji wa pilipili manga, akakaa ukingoni. "Talaka moja ni mlango uliorudishwa, haujatiwa komeo," aliniambia. "Una eda yako. Akitaka kukurejea, ana nafasi mpaka iishe. Akitaka." Neno lile la mwisho ndilo nililolala nalo usiku ule na siku zilizofuata.

Nilikuwa nimeshahesabu. Zilibaki siku nane eda imalizike. Ndani ya siku hizo Jecha angetamka neno moja tu, nimekurejea, nami ningekunja nguo zangu nikarudi nyumbani kwetu Kikwajuni bila ya mahari wala khutba. Zikishapita, ni posa upya, mahari upya, walii upya, na watu wawili wenye viburi kama vyetu hawaposani mara mbili. Miezi miwili na ushei alikuwa hajalitamka. Ramadhani nzima nimefuturu nikiutazama upande wa mkeka ambao yeye hayupo, tende zinanishinda kumeza. Na mimi sikumwomba. Niombe mie? Aliyenipa talaka ni yeye.

Nilichofanya ni kumpelekea ujumbe kwenye simu: Nakuomba uje unitengenezee daftari langu. Nataka vyangu vikae mbali na vyako. Alijibu siku ya pili yake: Insha'Allah Jumatano alasiri. Ujumbe ule nimeusoma mara ngapi sijui, natafuta ndani yake kitu ambacho hakikuwamo.

Sasa ndiyo Jumatano yenyewe, mwisho wa Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, na yeye amekaa kwenye meza ya mama mkubwa, kanzu yake imenyooshwa na mtu asiyejua kunyoosha. Kola ilikuwa imevunjika upande mmoja. Nilitamani niivue niinyooshe mwenyewe, na tamaa ile ilinijia kwa nguvu hata nikaona haya.

Lazima nilieleze daftari. Mimi ni mpambaji wa maharusi. Nasinga miili kwa singo ya manukato, napaka hina na piko nyeusi, nafukiza udi, natia vikuba vya asumini vichwani mwa watoto wa watu mpaka mama zao wakiwaona wanatokwa machozi. Kazi hii niliirithi kwa mama yangu mzazi. Yeye aliyaweka yote kichwani, na alipokufa akenda nayo. Mimi sina kichwa kile. Nilipoolewa nilikuwa na madaftari ya skuli kumi na saba, yamelowa marashi, kurasa zimegandana kwa liwa, na nikitaka kujua singo ya ukoo fulani inatiwa mrehani kiasi gani, nilitafuta mpaka bi harusi mwenyewe anasinzia. Jecha alipoyaona alicheka sana. Ni mwalimu wa kompyuta, ana darasa lake ghorofani Darajani. Akaninunulia kompyuta ndogo, akanitengenezea daftari ndani yake, akaliita wiki.

"Wiki gani tena hiyo," mama mkubwa alimuuliza siku zile, "ya siku saba au fungate?"

Ni daftari tu. Kila bi harusi ana ukurasa wake, kila kitu cha kunukia kina ukurasa wake, na jina lolote ukiligusa linakupeleka kwenye ukurasa wa jina hilo. Ukiwa kwa Yusra wa Malindi, ukagusa udi wa kuunga, unafika kwenye udi, na hapo unawaona maharusi wote waliofukizwa udi ule, na ukimgusa mmoja wao uko arusini kwake. Nilikuwa nikiingia mle napotea kwa raha zangu. Ilipotufika talaka, nilikuwa na maharusi mia tatu na kitu.

Mimi niliandika, yeye akapamba. Nikimaliza ukurasa, Jecha anauchukua, anautia rangi, anauchorea ua la kilua pembeni, anabadilisha umbo la herufi. Siku ya Ijumaa daftari zima lilikuwa kijani. Ukitafuta jambo ambalo halimo, halikukujibu kikavu kama yanavyojibu mengine. Lilikujibu: Hilo sina, Salhiya. Njoo uniulize mimi. Mara nyengine, nikiwa kazini peke yangu, nilitafuta makusudi neno la upuuzi, kifaru, theluji, ili nijibiwe vile.

Na huyo huyo Jecha, ukenda darasani kwake, jambo la kwanza anawafundisha wanafunzi wake ni hili: maandishi yakae mbali na mapambo yakae mbali. Siku utakayotaka kubadilisha pambo, neno lisiguswe. Siku programu itakapopata toleo jipya, pambo likivunjika livunjike, neno lako libaki zima. Nimemsikia akiyasema hayo mpaka usingizini. Kwenye daftari la mkewe hakuyafuata hata siku moja. Alipamba humo humo ndani ya mistari yangu, amri zake na maneno yangu vimechanganyika kama mchele na chuya, kwa sababu, alisema, hivyo ndivyo kila ukurasa unavyopata sura yake. Mganga hajigangi.

Kisha tukaanza kusemezana kwa rangi. Nani alianza, sikumbuki. Ukurasa wa manjano maana yake bi harusi hana mama, usimuulize mama yuko wapi. Ukingo wa buluu maana yake mawifi hawapatani, wasikalishwe mkeka mmoja. Ukurasa mwekundu maana yake ngozi haipatani na piko, apakwe hina peke yake. Hayo sikuyaandika kwa maneno. Ya nini, na rangi naiona?

Ukaja mwezi wa Shaaban, kila mtu anakimbiza arusi yake kabla ya Ramadhani. Jecha akaniwekea toleo jipya la programu alfajiri moja, nikiwa nasali, ili daftari lifunguke haraka. Lilifunguka haraka, kweli. Maneno yote yalikuwemo. Lakini toleo lile halikuzielewa amri zake za rangi nyekundu, likaziruka bila ya kusema, na ukurasa wa Sumaiya wa Bwejuu ukanijia mweupe. Miaka minane kabla, kwenye arusi ya dadake, nilimpaka Sumaiya piko kidogo kwenye kidole, kikavimba. Alikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili, na mwenyewe alishasahau. Mimi pia nilisahau, kwani kukumbuka nilikuwa nimempa daftari. Nikampaka piko mikono yote miwili mpaka viwikoni, maua niliyojivunia.

Asubuhi ya arusi mikono ile ilikuwa malengelenge matupu, kila ua limesimama juu ya ngozi. Alivishwa glavu za kitambaa, akakaa kwenye kiti cha bi harusi analia kwa maumivu, na wageni wanadhani analia kwa kuwaacha wazazi. Amepona, alhamdulillahi. Makovu yapo.

Nilirudi Kikwajuni nikamkuta Jecha amekaa na mama yake. Sikungoja mama wa watu atoke. Nilimwambia Jecha kuwa yeye si fundi, ni mharibifu, na kwamba kila alichonigusia kimeharibika. Nilisema kila. Sisi hatuna mtoto, na neno lile kila mmoja pale ndani alilisikia kwa masikio yake. Nilimwona akimtazama mama yake, kisha akanitazama mimi, na mtu huyu mpole, ambaye hata paka hamfukuzi jikoni, akanipa talaka moja kwa sauti ya chini. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na siku ile tulijikwaa wote wawili.

"Nitakutengenezea mafaili mawili," alisema sasa, macho yake kwenye kioo cha kompyuta. "Moja la maneno yako. Jengine la mapambo. Hili la maneno halitalihitaji jengine kwa lolote."

"Ndivyo ninavyotaka," nilisema, nikakaa upande wa pili wa meza. Mama mkubwa alikuwa kwenye mkeka wake, sindano mkononi, anatunga asumini za arusi ya kesho yake. Hakuwa na nia ya kuondoka, na haikufaa aondoke.

"Kuna rangi zenye maana na kuna rangi za kupendezesha tu," Jecha aliendelea. "Tutapita ukurasa kwa ukurasa. Kama rangi ina maana, utaniambia niiandike kwa maneno. Kama haina, naifuta."

"Zote mia tatu?"

"Kama una shughuli nyengine, nitarudi siku nyengine."

"Sina shughuli."

Tukaanza. Alisoma jina, nikatoa maana, akaandika. Wanu, manjano: hana mama, kalelewa na bibi yake, bibi ndiye atangulizwe kusalimiwa. Riyama, buluu: mawifi. Yusra, amri ya nyekundu ambayo kioo hakikuionyesha: asipakwe piko. Neno lile la piko aliliandika polepole kuliko mengine, akalirudia kulisoma, akaliweka juu kabisa ya ukurasa kwa herufi kubwa. Hakuna aliyemtaja Sumaiya.

"Huyu mbona ana kunguru pembeni?" aliuliza.

"Shangazi yake. Anasema sana."

"Niandike nini?"

"Andika: shangazi anasema sana, apewe kazi ya kupanga vikuba."

Mama mkubwa alicheka kwenye mkeka. Jecha naye akatabasamu, nikaliona jino lake la pembeni, lile lililopanda juu ya mwenzake. Niliinamisha macho nikajifanya naondoa uzi kwenye mkono wa baibui. Miezi miwili nilikuwa nimejiambia kwamba nimelisahau tabasamu lake. Nilijidanganya vizuri sana.

Kila ukurasa tuliouacha nyuma ulikuwa mweupe, maneno meusi, basi. Nilidhani utaniuma weupe ule, na uliniuma, lakini kulikuwa na jambo jengine pia. Nilikuwa nayasoma maneno yangu mwenyewe kama mara ya kwanza. Yalikuwa machache mno. Singo, vikombe viwili. Udi wa kuunga, miski kidogo. Yote niliyoyajua kuhusu wale wasichana, nani aliogopa, nani alilia, nani alimpenda mtu mwengine, nilikuwa nimeyaachia rangi, na rangi zile nusu yake nilikuwa sizikumbuki tena. Jecha aliniuliza ukingo wa kahawia kwa Salama una maana gani, nikakaa, nikafikiri, nikashindwa.

"Basi naufuta," alisema.

"Futa."

Alifika kwenye lile jibu. Niliona maneno yake yakisimama kwenye kioo: Hilo sina, Salhiya. Njoo uniulize mimi. Vidole vyake vilitulia.

"Na hili?" aliuliza.

"Hilo lina maana," nilisema.

"Linasema uje uniulize mimi. Sasa utaniuliza wapi?"

Nilizidi kuyatazama maneno yale. Alingoja kidogo, pengine zaidi ya kidogo, kisha akaandika mahali pake: Halikupatikana. Nikaondoka nikaenda jikoni kuteleka maji ya chai ambayo hakuna aliyeyaomba. Nilisimama mbele ya jiko nikalia kimya, nikanawa uso, nikarudi na vikombe vitatu.

Tukaendelea mpaka jua likashuka kwenye ukuta wa jirani. Tulikuwa karibu kumaliza nilipouona mstari. Ulikuwa mwembamba, wa zambarau, chini ya tarehe, kwenye ukurasa wa arusi ya zamani. Nilikuwa nimeuona siku zote. Ulikuwa kwenye kurasa nyingi, na nilidhani ni urembo kama kilua na kunguru. Jecha alikuwa ameupita kwenye kila ukurasa bila ya kunisomea.

"Na huo wa zambarau?" niliuliza.

"Huo si wako."

"Umo ndani ya daftari langu."

"Ndiyo maana nautoa." Mkono wake ulikwenda kuufuta.

"Una maana au hauna?"

Aliurudisha mkono.

"Jecha, umesema mwenyewe. Kama una maana, uandikwe. Kama hauna, ufutwe. Mimi nimekutolea maana za rangi tangu alasiri, mpaka za kunguru. Nitolee na wewe yako."

Alivua miwani akaifuta kwa pindo la kanzu, jambo analolifanya akitaka kupata muda. Alitazama upande wa mama mkubwa. Mama mkubwa aliinama zaidi juu ya sinia lake.

"Ni siku ulizosema utarudi Magharibi," alisema.

"Nikachelewa."

"Ukachelewa." Alivaa miwani. "Nilikuwa napika. Mara nyengine nilipasha chakula mara tatu. Ukirudi unanukia udi wa watu, unakaa kitandani na nguo zako, unalala. Sikupenda kukuamsha, nilikuwa naijua kazi yako. Basi nafungua daftari, natafuta arusi ya siku ile, natia mstari. Ilikuwa kama nimesema na wewe."

"Ziko ngapi?"

Aliiuliza kompyuta, kwenye lile faili la mapambo alikoihamishia mistari ile. "Sitini na mbili."

Nilikaa na ile sitini na mbili. Nilikumbuka jikoni kwetu, sahani imefunikwa na sahani, na mimi nikiipita asubuhi nikikimbilia arusi nyengine, nikifikiri ni kiporo chake. Kwa miezi miwili nilikuwa mtu niliyekosewa. Nilikuwa nimekizoea cheo hicho, nalala nacho, nafuturu nacho. Sasa kilikuwa kinanitoka, na sikujua nishike nini.

"Mbona hukuniambia?" nilisema. "Una mdomo."

"Nilidhani utauliza. Wewe kila rangi uliuliza, ila hiyo."

"Nilidhani pambo."

"Najua."

"Iandike," nilimwambia.

"Salhiya, ya nini sasa?"

"Iandike. Wewe ndiye fundi. Usiniachie mstari."

Aliweka vidole mezani, akaviinua. Nilimwona akiandika neno, akalifuta, akaandika tena. Mwisho akaandika: Siku hii nilimsubiri. Akabonyeza mara moja, na kompyuta ikaipeleka sentensi ile kwenye kurasa sitini na mbili, kwa Wanu, kwa Riyama, kwa Yusra wa Malindi, kwa maharusi ambao hawakujua lolote. Ilichukua muda mdogo kuliko kupiga chafya.

"Tumemaliza," alisema. Akalizima daftari, akalifungua tena bila ya lile faili la mapambo, ili nione. Lilifunguka haraka, jeupe, kila neno mahali pake. Aligusa jina, likatii. Aligusa udi, likatii. "Unaona. Hata programu ibadilike vipi, maneno yako hayataharibika. Hata nisipokuwepo, litafanya kazi. Mtu yeyote anaweza kukutengenezea."

Ilikuwa kazi safi. Ndiyo niliyomuitia, na ameifanya kama anavyowafundisha wenziwe, na mimi nilikaa nikiitazama kazi ile safi nikaiona inavyonitisha. Nilikuwa nimemwomba atenge vyangu na vyake, na alikuwa ametenga. Hakuna mahali nilipomwambia kuwa sitaki.

"Hili la mapambo nilifute?" aliuliza.

"Liache lilipo."

Muadhini akaanza. Jecha aliifunga kompyuta, akaisukuma upande wangu, akasimama. Alimuaga mama mkubwa, akamwombea dua kwa chai, akaelekea mlangoni, na nikaiona ile kola iliyovunjika kutoka nyuma, inakwenda.

"Jecha."

"Naam."

Aligeuka. Nilikuwa nimesimama, na sikujua nimesimama saa ngapi.

"Sikukuitia daftari," nilisema.

"Ujumbe ulisema daftari."

"Ujumbe ulikuwa uongo. Nimekutumia rangi, na wewe umesoma rangi. Basi sikiliza maneno." Niliisukuma kompyuta kando. "Nilikukosea mbele ya mama yako. Lile neno la kila nililisema ili likuume, na nililijua litauma wapi. Nitakwenda kumwomba radhi mama, iwe umenirejea au hukunirejea. Piko nilipaka mimi, kwa mkono wangu, na onyo lile nilipaswa kuliandika mimi. Na nakutaka, Jecha. Nataka kurudi nyumbani kwetu. Sijalala vizuri tangu siku ile. Zimebaki siku nane."

Mama mkubwa alikuwa ameshika sindano hewani, uzi umesimama.

Jecha alinitazama. Nilikuwa nimemwona amekasirika, nimemwona amefurahi, nimemwona anaumwa homa. Uso ule sikuwahi kuuona.

"Nane?" alisema. "Mimi nimehesabu sita."

Nikashika ukingo wa meza. Mtu huyu alikuwa anahesabu. Kule Kikwajuni, peke yake, na pasi asiyojua kuitumia, alikuwa anahesabu kama mimi, na ameogopa kuliko mimi, siku mbili zaidi.

"Basi sema," nilimwambia.

"Wanakimu sala, Salhiya." Alifuta jicho kwa kidole gumba, haraka, kama mtu aliyeingiwa na vumbi. "Lile neno la kwanza nililisema kwa hasira. Hili sitaki niliseme kwa huruma. Ngoja nikasali."

"Utarudi?"

Alifungua mdomo. Nje watu walikuwa wanapita mbio mbio, wanauwahi msikiti, na mmoja akampigia salamu kwa jina lake. Aliitika salamu ile, akaniinamishia kichwa, akatoka. Nilisikia hatua zake mpaka kwenye kona, kisha zikachanganyika na za wengine.

"Magharibi ni rakaa tatu tu," mama mkubwa alisema. Akakunja uzi wake, akainuka kwa kushika goti, akenda kutawadha.

Tulisali. Sijui nilisoma sura gani. Nilipotoa salamu mama mkubwa alibaki kwenye msala na tasbihi yake, na mimi nikarudi mezani, nikaifungua kompyuta. Daftari lilifunguka jeupe. Nikafungua ukurasa mpya, na mahali pa jina la bi harusi sikuandika kitu. Niliandika tarehe ya leo. Nje nikasikia msikiti unatoka, ndara za watu zikishuka ngazi, wanaongea, wanaagana, wengine wanakuja upande wetu, na kila aliyepita chini ya dirisha nilimsikiliza mpaka akapita. Vidole vyangu vilitaka kutafuta rangi. Nikavizuia, nikaandika kwa herufi za kawaida, polepole, ili nisikosee:

Jecha amekwenda kusali Magharibi. Namsubiri.